Maji ya Mheshimiwa Irine

Jumamosi mchana Mheshimiwa Irine alifika nyumbani kwa mamake, nje kidogo ya mji wa Migori, akavua viatu mlangoni na kuchukua jagi. Ubunge huishia getini. Ndani ya nyumba ile yeye ni binti, na binti ndiye huwanawisha wageni mikono kabla ya kula. Dereva wake, Bravin, alimshikia beseni.

Mamake alikuwa amelijaza jagi maji ya mvua, lakini yalitoka ya kahawia, na vitone vya zebaki vikabingirika ndani ya beseni. Mgeni wa kwanza, Mchungaji Zadock, alinawa, akashukuru. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa kuwa jambo lenyewe lilianza mwezi wa tatu na watu walishalizoea.

Mwezi huo mkemia wa serikali aliandika kwamba mtambo wa kuchenjua dhahabu unamwaga zebaki mtoni. Mwenye mtambo ndiye aliyempa Irine magari ya kampeni. Basi Irine akasimama mkutanoni na kusema sayansi ni maoni tu, na kila mtu ana yake. Akainua glasi, akatangaza kwamba ni maji ya mto, akayanywa yote. Yalikuwa ya chupa. Tangu hapo, maji yoyote anayomimina kwa mkono wake hutoka ya mto. Hata Nairobi. Wabunge wenzake, watu wastaarabu, walijifunza kujimiminia wenyewe.

Zamu ya mamake ikafika. Alinyoosha mikono, nayo ikawa inatetemeka, kama ilivyokuwa ikitetemeka tangu mwaka jana.

"Mama, wacha Bravin akumwagie," Irine alisema.

"Watu wataniona aje, binti yangu akikataa kuninawisha? Mwaga, nyara, mwanangu. Hii maji si ndio nakunywa kila siku? Wewe mwenyewe ulisema haina shida."

Hakuwa akimsuta. Alimwamini, na hilo ndilo lililomchoma Irine. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Neno moja tu lingetosha: nilidanganya. Bravin akatazama beseni.

"Samaki inapoa, Mheshimiwa," Mchungaji Zadock alisema kwa upole.

Irine akamimina. Mamake alinawa taratibu, hadi katikati ya vidole, akajifuta kwa leso, kisha akaombea chakula. Alimwomba Mungu amrudishe binti yake bungeni uchaguzi ujao. Wote wakasema amina, na Irine pia.

Jumanne, mbele ya kamati ya bunge, Irine aliulizwa kuhusu mto. Alisema serikali inasubiri utafiti zaidi. Akashikwa na kiu. Glasi na chupa vilikuwa mbele yake, lakini alimwomba karani ammiminie, bila kumtazama usoni.

Maji yalikuwa safi. Akayanywa yote.