Koti la Daktari

Mdogo wangu alianza kuitwa Daktari siku ileile chuo kilipomkubali, kabla hajamshika mgonjwa hata mkono. Na si chuo chochote. Ni kile ambacho watu wa mtaa wetu wakikitaja hushusha sauti kana kwamba wako msibani. Baba, ambaye ni fundi cherehani, aliikuza picha ya kijana wake akiwa langoni mwa chuo, akaitundika juu ya kioo cha dukani. Tangu hapo mteja hakuweza kuitazama suruali yake mpya bila kumwona Daktari kwanza.

Mimi nilisomea ushonaji chuo cha ufundi, hapo nyuma ya soko, nikatoka na zawadi ya mwanafunzi bora. Picha yangu haipo popote. Watu wakiuliza, mama hujibu, "Huyu anatusaidia dukani." Kusaidia kwenyewe ni kukata, kushona na kupiga pasi karibu kila kinachotoka mle, maana macho ya baba yameanza kumgomea.

Hata koti jeupe la udaktari nililishona mimi. Baba alisimama nyuma yangu akisisitiza niache nafasi ya kutosha kiunoni.

"Achia, achia," alisema. "Madaktari hunenepa."

Mwaka wa pili wa masomo haujaisha, Daktari akatokea dukani mchana kweupe na begi lake. Alikuwa amekonda mpaka shingo. Baba alikuwa anampima mteja kiuno. Mdogo wangu akamsogelea, akamnong'oneza, nami nikasikia kwa kuwa cherehani yangu iko palepale.

"Baba, wamenitoa chuo. Nilifeli, nikarudia, nikafeli tena."

"Amekuja likizo," baba alimwambia mteja kwa sauti, kisha akakipima upya kiuno alichokwisha kukipima.

Tulikutana chumba cha nyuma, katikati ya marobota ya vitambaa. Mama hakumwuliza mwanawe kama amekula. Aliuliza, "Nani amekuona ukiingia?"

Nilisema aje chuo changu. Mkuu wa chuo ananifahamu, nafasi zipo, na akimaliza angekaa pembeni yangu na cherehani yake. Daktari akainua kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Naweza, dada," alisema. "Napenda kushona tangu zamani."

"Chuo chako?" mama aliniuliza. "Na watu tutawaambia nini?"

"Waambieni anasoma."

"Mtu hatoki kule akaingia kwako," baba alisema taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Rudi hukohuko, mwanangu. Tafuta lolote la kufanya. Ukipata chuo kingine cha maana, njoo nyumbani."

Wakamvalisha lile koti, apite mlango wa mbele majirani wamwone. Lilimpwaya hadi nikaona aibu, mimi niliyelishona. Muuza mboga wa jirani akamtakia masomo mema. Mama akapunga mkono mpaka basi likapinda kona. Nilirudi kwenye cherehani yangu na hasira iliyonifanya nishindwe kutunga uzi kwenye sindano.

Mwaka uliofuata nilitumwa kununua vitambaa kwenye mji wa chuo chake, alikobaki. Nilimpigia simu, akanielekeza, nikamkuta nyuma ya kaunta ya bucha, kisu mkononi, amevaa koti lilelile. Kwenye mfuko niliouweka kwa ajili ya kifaa cha kusikilizia moyo kulikuwa na kitambaa cha kufutia kisu. Kifuani kulikuwa na damu ya ng'ombe. Alikuwa amenenepa, na ile nafasi ya baba ilikuwa imejaa yote.

"Hata hapa wananiita Daktari," alisema, tukacheka mpaka nikajikuta nalia.

Alimfungia mteja nyama yake, akamsubiri atoke. "Dada, nataka kurudi nyumbani. Nitafagia, nitashona vifungo, sichagui. Niulizie kwa baba."

Nilimwuliza baba asubuhi iliyofuata, tukiwa tunafungua duka. Nilimweleza yote, bucha, kisu, damu na koti linavyomjaa. Baba alisikiliza huku akifuta miwani yake, nami nikadhani amelainika.

"Kwa hiyo kanenepa?" aliuliza.

"Kanenepa, baba. Mruhusu arudi."

Kabla hajajibu akaingia mwalimu mstaafu, mteja wetu wa miaka yote, kuchukua suti yake. Akajipima koti mbele ya kioo, akaiona picha kama wanavyoiona wote.

"Daktari hajambo?"

"Hajambo kabisa," baba alisema. "Dada yake katoka kumwona jana. Kanenepa, koti sasa linamkaa sawasawa. Nilijua, ndiyo maana niliacha nafasi."

Akanigeukia niitikie. Sikuweza.

"Anakata nyama, mwalimu," nilisema. "Chuo walimtoa zamani. Lile koti analivaa buchani, na anaomba kurudi nyumbani."

Baba akaanza kucheka huku akitikisa kichwa. "Msamehe," alimwambia mwalimu. "Si unajua yeye hakufika chuo kikubwa. Mpaka leo linamuuma."

Nilimtazama mwalimu. Mtu aliyefundisha maisha yake yote, nilidhani atauliza walau swali moja. Aliniwekea mkono begani kwa huruma.

"Usimwonee wivu mdogo wako, binti yangu," alisema. "Hata wewe una mikono mizuri. Hii suruali umeipinda vizuri sana."

Baba akanikabidhi suti niikunje. Simu yangu ilikuwa inaita juu ya cherehani. Alikuwa Daktari, anataka kujua baba amesemaje.