Kitenge cha Shangazi Eufrasia

Shangazi Eufrasia alishuka kwenye pikapu yetu pale sokoni Katonga akiwa mkavu kwa mbele, na kwa nyuma amelowa kama wavu uliotoka ziwani. Hakuwa amejua. Akatembea hatua kadhaa katikati ya wanawake wa dagaa, mgongo wima, mpaka mmoja wao, mwenye ulimi usio na breki, akapaza sauti ileile ya kuitia wateja:

"Mama wee! Na utu uzima wote huo!"

Soko zima likageuka, soko zima likacheka. Mimi nami ningecheka, nimeumbwa hivyo, ila niliutupia jicho uso wa baba mdogo Faustini nikaona umegeuka majivu.

Faustini ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, na Jumamosi ya wiki ileile alikuwa amuoe Stephania. Padri alishatangaza ndoa, na mwenyekiti wa kijiji alisharuhusu gari limlete bibi harusi kanisani. Lakini Stephania alifiwa na baba angali mdogo, na aliyemlea ni dada wa marehemu, yaani huyu huyu Shangazi Eufrasia aliyesimama sasa anajipapasa nyuma. Yeye akisema hapana, padri atabaki na kengele yake.

"Faustini," alisema, polepole. "Umenifanya kikojozi mbele za watu."

"Shangazi, nisamehe, ni hii mvua ya masika..."

"Mvua ilikatika alfajiri. Jua hili hapa. Nimekaa garini, dirisha limefungwa, jua linawaka, mimi nalowa. Maji ya nani?"

Faustini akainua macho mbinguni, hata wingu hapakuwa nalo. 

"Basi sikia. Ijumaa utakuja kunichukua tena kwangu Kasingirima, nitakaa kiti kilekile, nitavaa kitenge kipya, nitashuka hapa hapa. Nikishuka nimelowa, mwanangu haolewi kwenu." Kisha akageukia upande wa karakana ya mitumbwi iliyo kando ya soko, akaongeza kwa sauti ili asikike vizuri: "Fundi wa mitumbwi, kuziba nyufa kwa kalafati ndiyo kazi yake, na gari la mwanawe linavuja! Nyumba kama hiyo itazuiaje njaa isiingie?"

Kwenye karakana alisimama babu yangu, Mzee Kasongo, baba yake Faustini, tezo mkononi. Alivuka kutoka ng'ambo ya Kongo akiwa kijana, na tangu hapo hakuna mtumbwi wake hata mmoja uliowahi kumrudia kwa sababu ya kuingiza maji.  Aliinama akaendelea kuchonga, lakini mbao ile aliiharibu.

Hapa niseme jambo moja. Kwetu, mwana hamtanii baba yake, hata akimwona amevaa suruali kinyume. Mwenye leseni ni mjukuu. Mimi Feliksi nilikuwa naitumia leseni yangu kila siku ya Mungu: nikimwita babu mume mwenzangu, nikimwambia bibi angenichagua mimi kama ningewahi kuzaliwa. Babu alinirushia kila kitu isipokuwa tezo. Siku ile sikumtania.

Jumatano tuliliegesha gari mbele ya karakana tumtafute mwizi anayeingiza maji. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata katika fizikia alama ambayo mwalimu mwenyewe aliionea huruma, kwa hiyo nilijiteua mkuu wa upelelezi. Nilinyunyiza unga wa muhogo sakafuni na juu ya kiti, nikajifungia ndani. Nikamwambia Faustini aanze kumwaga maji kwa kopo kutokea chini, apande juu taratibu, maana ukianzia paani maji yanashuka kila mahali, na mwizi anajificha ndani ya kundi.

Chini, hakuna kitu. Milangoni, unga ulibaki mweupe kama meno. Kwenye pembe ya kioo cha mbele, mpira ulikuwa umepasuka. Matone mawili yakaanguka miguuni pa dereva.

"Nimemshika!" nikapiga kelele.

Tukaziba kwa kipande cha tyubu na lami. Faustini akarudia kumwaga, pakawa pakavu. Lakini hakutabasamu.

"Feliksi, hayo yanaanguka miguuni pangu. Shangazi alikaa kule kushoto, na hakulowa miguu."

Babu alikuwa anatutazama huku anasokota pamba ya kalafati. "Mnajisumbua," akasema. "Gari hilo nimelikagua kwa mkono wangu kabla ya masika. Halina tundu hata moja. Yule mama alikalia ndoo ya samaki, anatusingizia."

Kesho yake nilikutana na Stephania bombani. Kwa kawaida nikimtania hunirudishia mbili. Siku hiyo aliweka ndoo chini tu.

"Shangazi amekunja nguo yangu ya harusi, ameirudisha sandukuni, na ufunguo ameutia kifuani," alisema. "Mama yenu mdogo mtarajiwa naambiwa nijiandae kwenda kulima kwa mjomba. Mwambie Faustini."

Sikumwambia. Macho ya baba mdogo yalikuwa mekundu tayari.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha kana kwamba imelipwa. Asubuhi ikakatika, jua likatoka, sawasawa na siku ile. Tulimkuta Shangazi Eufrasia amesimama mlangoni kwake Kasingirima na kitenge kipya cha njano, rangi inayosema kila kitu ikiguswa na maji. Akakipapasa kiti kwa kiganja. Kikavu. Akapanda, akakaa upande wa dirisha la kushoto. Mimi nilijibana katikati kama shahidi. Babu alikuwa nyuma kwenye bodi, amesimama ameshika bomba. Alitaka aone kwa macho yake mkwe anavyomeza maneno yake.

Shangazi akaufunga mlango. Ulisema *pwa!* Halafu, baada ya pwa, kitu fulani kikasema *chubwi*.

"Shikamoo tena, Shangazi. Umebeba maji?" nikauliza.

"Nimebeba hasira. Kaa vizuri."

Tukaondoka. Faustini aliendesha kama amebeba mayai ya watu wengine. Kwenye breki, *chubwi*, mbele. Kwenye kona ya kulia, *chubwi*, tena kwa mbali, kama kimekwenda nje. Niligeuza shingo kutafuta. Hapakuwa na chupa, wala ndoo. Nikajifanya nanyoosha mkono, nikaweka kiganja kwenye mlango wa Shangazi. Ulikuwa wa baridi kama mtungi. Nikautazama mkono wa kupandishia kioo: pale unapoingilia kwenye mlango, usawa wa nyonga ya Shangazi, tone lilikuwa limechungulia, limesimama, linangoja.

Mlango ulikuwa umejaa maji.

Na mbele yetu ilibaki kona moja tu kabla ya kuteremka Katonga. Kona kubwa. Ya kushoto. Gari likipinda kushoto, kila kilichomo huegemea kulia. Na kulia kwa mlango ule palikuwa na kitenge cha njano.

"Baba mdogo, simama."

"Nini?"

"Simama! Simama hapa!"

Alisimama. Shangazi akanitazama. "Mmeanza michezo yenu."

"Shangazi, nakuomba usiguse mlango. Usitikisike. Hata kupumua, pumua kwa adabu."

Nilitokea upande wa Faustini, nikazunguka, nikalala kifudifudi kwenye tope. Nikapapasa kitako cha mlango. Kilikuwa na vitundu vitatu, na vyote vitatu vimezibwa, vimeshindiliwa, vimelainishwa kwa juu. Nilichokonoa kimoja kwa msumari. Ukatoka utambi wa pamba, mwekundu kwa mawese, na nyuma yake maji yakafumuka yakaingia kwenye mkono wa shati langu mpaka kwapani.

Msokoto ule naujua tangu sijajua kutembea. Hakuna mtu mwingine pwani nzima anayesokota pamba namna ile.

Niliposimama, babu alikuwa ameshashuka. Faustini ameiona pamba. Alimtazama baba yake, halafu akatazama barabara.  Angesema nini? Amwambie baba yake, mbele ya mkwe, kwamba ndiye aliyemlowesha? Na akinyamaza, maji yale yanayomwagika yatasema yenyewe.

Shangazi alitoa kichwa dirishani. "Ni nini hicho?"

 Maji yalikuwa bado yanachuruzika. Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Babu," nikasema, "wewe umelifunga gari mkojo! Tangu kabla ya masika linajikaza, linajikaza, linavumilia kwa heshima yako, mpaka Jumanne likazidiwa, likajisaidia juu ya mkwe!"

Nilingoja kibao. Hakikuja. Hata Shangazi hakucheka. Babu aliichukua pamba mkononi mwangu, akaigeuza.

"Tundu ni tundu," akasema. "Ukiliona unaziba."

"Ziwani, mume mwenzangu. Mtumbwi unakaa ndani ya maji, tundu linaingiza. Gari maji yanalipitia kwa juu, pale kwenye mpira wa kioo cha mlango, yanateremka ndani ya mlango. Tundu la chini linatoa. Waliolitengeneza gari waliyaacha matundu hayo makusudi."

 Nilimwona babu anauangalia ule mlango kama mtu anayemwangalia mtoto aliyempiga bure. Kisha akapiga magoti kwenye tope, mzee mzima, akachomoa patasi yake ndogo, akatoa utambi wa pili. Halafu wa tatu. Maji yakammwagikia mapajani. Bila kuambiwa, akazunguka kwenda mlango wa Faustini akafanya vilevile.

"Kasongo," aliita Shangazi. Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Lete hiyo pamba."

Babu akampelekea. Shangazi akaifunga kwenye pindo la kanga yake ya begani, mafundo mawili.

"Haya, endesha. Mimi sijasema neno bado. Kona iko mbele."

Faustini akaondoka taratibu.

"Usinibembeleze! Pita kama ulivyopita Jumanne."

Akakanyaga mafuta. Kona ikaja, gari likapinda, sote watatu tukaegemea kulia mpaka bega la Shangazi likanibana mbavu. Nilisikia injini. Nilisikia babu nyuma anagonga bati kwa kiatu. *Chubwi* sikuisikia. Gari liliponyooka, Shangazi akaingiza kiganja chini yake, akakitoa, akakitazama pande zote mbili. Hakutuonyesha.

Pale Katonga alishuka, akatembea mpaka mbele ya wale wanawake wa dagaa, akawapa mgongo. Akasimama hivyo, bila haraka, kana kwamba anatazama ziwa. Kitenge kilikuwa cha njano kutoka juu mpaka chini. Yule mwenye ulimi usio na breki akajishughulisha na dagaa zake.

Ndipo akamgeukia babu, aliyekuwa anashuka nyuma na tope magotini.

"Mkwe, kesho bibi harusi atakaa kiti kilekile nilichokalia mimi. Na wewe gari usiliguse." Akaligonga lile fundo kwa kidole. "Hii naondoka nayo. Siku Stephania akilia kwenu, Katonga nzima itajua aliyeziba matundu ni nani."

Faustini alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa.

Babu akajikung'uta tope. "Na asipolia?"

"Nitazikwa nayo."