Firigisi ya Mwenye Boma

Bilha alihamia Bungoma kutoka Kitale akiwa na mumewe, Kibe. Mume huyo alikuwa mtu wa kupiga gumzo na kila anayepita, na alipofariki, nyumba ikanyamaza. Si kwamba majirani walimtenga mjane huyu, la. Kanisani walimpisha kiti kizuri, wakampa pole kwa sauti ya chini, wakaenda zao. Ukipewa pole mwaka mzima, utaanza kujiona kama kaburi lenyewe.

Ndiyo maana Jumapili moja alisimama akaomba ushirika wa Alhamisi ufanyike kwake. Moyoni alikuwa ameshakata shauri: wakija wakakaa kama watu wa nyumbani, atabaki. Wakileta ule upole wao wa matanga, atarudi Kitale kwa dada yake Gladwell.

Alhamisi akachinja jogoo, akasonga ugali mpaka jasho likamtoka. Akionja chumvi, aliokota firigisi akaitafuna. Kwao firigisi ilikuwa ya mpishi, malipo ya moshi machoni.

Wageni wakaimba, wakasoma Neno, wakaomba, kisha chakula kikaletwa. Bakuli la kwanza likawekwa mbele ya Mzee Khisa, mwenyekiti wa ushirika. Mzee akakoroga mchuzi kwa kijiko. Akakoroga tena. Mazungumzo yakakatika.

Nabwile, jirani wa ng'ambo ya ua, akamsogelea Bilha. "Mama, imondo iko wapi?"

"Imondo ndiyo nini?"

"Firigisi, bana! Kwetu hiyo ni ya mwanaume mkubwa. Kuku akikuja bila hiyo, ni kama umemwambia mzee ashike njia."

Bilha alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kumsingizia paka, na paka asingebisha. Lakini walikuwa wametoka kuomba sasa hivi tu, na uongo ukamshinda.

"Nimeikula mimi," akasema. "Nilikuwa naonja chumvi. Mnisamehe, sikujua."

Akaanza kuiona njia ya Kitale.

Mzee Khisa akaweka kijiko chini. "Wacheni niwaulize. Imondo si ni ya mwenye boma?"

"Ndiyo," wakaitika.

"Na hapa mwenye boma ni nani? Ni mimi? Ati nimeoa hapa na hamkuniambia?"

Nabwile ndiye aliyeanza kucheka, kisha nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee akamega tonge. "Mwenyewe amekula yake. Sisi tukule yetu kabla haijapoa."

Bilha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Alifurahi, alifurahi kweli, na akamkumbuka Kibe bila kuumia. Watu wakaongeza ugali bila kukaribishwa. Mtu akafungua kabati kutafuta chumvi.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Nabwile alimwambia bila hata kumtazama, "Jumamosi tunapalilia mahindi ya Pauline, ametoka kujifungua. Uji ni wako. Na usikuje umechelewa, watu watakuwa na njaa."

Hakusema tafadhali wala pole. Tangu Kibe azikwe, hakuna mtu Bungoma aliyekuwa amemtuma Bilha chochote.

Akajifuta mikono kwenye leso, akauliza, "Uji wa watu wangapi?"