Nguvu za Kiganja

Saa nne asubuhi Winchi alikuwa ameshamaliza kadi zake zote mbili za ruhusa ya kwenda choo, na zamu ilikuwa haijafika hata nusu. Alibana mapaja na kukaza macho kwenye chupa zilizokuwa zikipita kwenye mkanda wa kiwanda, mbele ya taa. Yenye ufa, toa. Yenye takataka, toa. Yenye soda pungufu, toa, weka kwenye kreti la pembeni. Zilipita mbio, zikimeremeta, zimejaa majimaji hadi shingoni, na kila akizitazama alizidi kubana.

Kwenye mkanda ule hakuna aliyesimama bila kadi. Ukinyanyuka hovyo mkanda unasimama, na mkanda ukisimama unaitwa ofisini. Bomba la maji ya kunywa lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na huko nako huendi bila kadi. Kwa hiyo mwenye kiu alifungua chupa pungufu. Hizo haziuziki, ndiyo maana kampuni ilikuwa na moyo mkunjufu nazo: kunyweni mtakavyo. Winchi alikuwa na kiu kwa miezi kadhaa sasa, kiu ya kuamka nayo na kulala nayo. Alimaliza chupa ya tatu, koo likabaki kavu vilevile, akafungua ya nne.

"Wewe nawe, hiyo soda itakutoka masikioni," alisema Mama Pacha, aliyekaa kiti cha pili, bila kugeuza shingo.

"Nipe maji basi."

"Niyatoe wapi? Nikamue blauzi?"

Winchi akacheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Alihisi joto likimshuka mapajani, likalowesha kiti, likaanza kudondoka sakafuni. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye mjukuu. Mama Pacha alivua sweta yake, akamtupia mapajani, akaendelea kutazama chupa zake kama vile hakuna kilichotokea. Winchi hakulia. Alikasirika, na hasira ile ilikaa naye mpaka kengele ya kutoka.

Jina la Winchi alilipata enzi za upakiaji. Miaka kumi na miwili alipandisha makreti kwenye malori, mawili kwa mpigo, na wanaume waliokuwa wakimcheka mwanzoni waliishia kumwomba awasaidie. Kisha yakaletwa magari ya kunyanyulia mizigo, wapakiaji wakaondolewa, na yeye, kwa kuwa alikuwa hodari, akazawadiwa kiti. Meneja mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. "Umebeba vya kutosha, mama. Sasa kaa, ustarehe."

Alistarehe miaka tisa. Saa kumi kwa siku, soda mkononi. Tumbo lilikuja mbele, mapaja na mikono ikanywea, na watu wa mtaani wakamwambia amenawiri, kazi imemkubali. Ni bintiye tu aliyejua kuwa asubuhi mama hanyanyuki kitandani mpaka avutwe kwa mikono miwili.

Siku tatu baada ya lile la kiti, kampuni ilitangaza Wiki ya Afya. Maputo yakafungwa langoni, spika ikapiga muziki, na wafanyakazi wakapangwa foleni uwanjani mbele ya meza ya nesi. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye mkataba wa miezi mitatu. Alipima kiuno kwa utepe, akatoboa kidole kupima sukari, halafu akampa kila mtu kifaa cha chuma cha kubana kwa kiganja, chenye mshale wa kuonyesha nguvu. Majibu aliyasoma kwa sauti ili karani ayaandike.

Mwisho wa fomu palikuwa na visanduku viwili. Foleni nzima ilivijua. Kimoja kiliandikwa "Ugonjwa wa kazini": ukipigwa alama hapo, kampuni inakutibu na kukutafutia kazi nyingine. Cha pili kiliandikwa "Mtindo wa maisha". Hicho maana yake umejitakia, na ukishindwa kazi unapewa barua ya kuachishwa.

Sukari ya Winchi ilikuwa juu kiasi kwamba nesi alirudia kupima kwa kidole kingine.

"Umekaa na hali hii tangu lini, mama?"

"Tangu nilipokalishwa."

Nesi akashusha sauti. "Misuli ndiyo inayotumia sukari mwilini. Usipoifanyisha kazi inasinyaa, na sukari inakosa pa kwenda, inabaki kwenye damu. Na wewe kutwa unaiongezea." Akamkabidhi kile chuma. "Bana kwa nguvu zako zote."

Winchi alibana. Alibana mpaka shingo ikatetemeka na machozi yakamlenga. Mshale ulipanda kidogo, ukagoma.

"Kumi na tatu," alisoma nesi. "Mwanamke anatakiwa afike kumi na sita."

Meneja alikuwa amesimama kando ya meza na tai yake, akipigwa picha za jarida la kampuni. "Eh!" alisema, apate kusikika. "Winchi imekatika kamba!"

Watu wakacheka, maana aliyecheka kwanza ni bosi. Hata Mama Pacha alitoa kicheko kidogo, kisha akaangalia chini.

"Mnaona?" Meneja aliendelea. "Kampuni imempa kiti, imempa na vinywaji, bure kabisa. Asichotaka mtu ni kujitunza. Nesi, huo ni mtindo wa maisha."

"Bosi," alisema Winchi, "maji yako ng'ambo, na kadi ni mbili."

"Nani alikushikia chupa mdomoni?"

Hapo kitu ndani ya Winchi kilitulia kabisa. Hakutaka tena kujieleza. Alimtazama mtu yule, shavu nene, kitambi kilichobebwa na mkanda wa ngozi, miguu myembamba ndani ya suruali pana, akaona mwili anaoujua. Ulikuwa mwili wake mwenyewe, umevalishwa tai. Akatamani aumbuke mbele za watu, hapohapo, na picha zipigwe.

Akamnyooshea kile chuma. "Kamata na wewe, bosi."

Muziki uliendelea peke yake. Mpiga picha akainua kamera. Meneja alitazama kushoto na kulia, akaona macho mia mbili, akatabasamu. "Mambo ya kitoto haya," alisema, akakunja mkono wa shati. Akabana. Uso ukamvimba, jasho likatoka, tai ikapinda.

"Ishirini na mbili," alisoma nesi kwa mazoea, kwa sauti ileile. "Mwanamume anatakiwa afike ishirini na..." Akashika mdomo.

"Ishirini na ngapi?" Winchi aliuliza.

"Saba," alisema nesi polepole.

"Pima na kiuno. Utepe huo hapo."

Safari hii kicheko hakikungoja ruhusa. Kilianzia nyuma ya foleni, kikaja mbele kama makreti yanayoporomoka, na watu wakashikana mabega. Winchi hakucheka. Aliunywa wakati ule taratibu, tone kwa tone, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi hakusikia kiu. Meneja alishusha mkono wa shati, akaondoka.

Siku tatu nzima Winchi alikuwa malkia wa mkanda. Meneja akipita, mtu mmoja alinong'ona "Ishirini na Mbili", na mstari mzima ukainamia chupa kuficha meno.

Siku ya nne aliitwa kwa nesi. Barua yake ilikuwa tayari mezani, na fomu ya vipimo imewekwa juu ya barua. Alama ilikuwa kwenye "Mtindo wa maisha".

"Umeweka wewe?" aliuliza.

"Imeletwa hivyo kutoka ofisini, mama. Mimi nimeambiwa nigonge muhuri tu." Nesi alikwenda kufunga mlango, akarudi, akavuta fomu nyingine kutoka kwenye droo. "Sikupaswa kukuonyesha hii."

Ilikuwa ya Meneja. Winchi aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kukaa kwa muda mrefu kutokana na majukumu. Vikao. Msongo wa kazi. Miezi mitatu ya mapumziko kwa mshahara kamili, mwalimu wa mazoezi, mtaalamu wa lishe. Alama ilikuwa kwenye "Ugonjwa wa kazini".

"Alirudi jioni ileile kupima sukari, kwa siri," alisema nesi. "Ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Imewahiwa. Miaka yote alikuwa akikwepa kupima. Mama, kama usingemwaibisha..."

"Kwa hiyo nimemtibu."

Nesi alivuta muhuri. Aligonga muhuri kwenye fomu ya Winchi, sauti yake ikasikika chumba kizima, kisha akaanza kulia. Winchi hakuwa na nafasi ya kumbembeleza.

Miezi mitano baadaye alikuwa akitoka zahanati, ambako dawa zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi na njia ilikuwa ndefu, akakaa kwenye ukingo wa mtaro apumzike. Watu wawili walikuja wakikimbia kando ya barabara, wamevaa bukta na viatu vyeupe. Mmoja alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni. Wa pili hakumtambua upesi, kwa sababu kitambi hakikuwapo.

"Mama!" Meneja alipunguza mwendo lakini hakusimama, akawa anarukaruka papo hapo. "Wewe ndiye uliyenifungua macho! Nabana thelathini na nne sasa! Mungu akubariki sana!"

Akaendelea mbele na kijana wake wa filimbi.

Winchi aliinama, akaokota jiwe la ukubwa wa yai. Alilenga katikati ya ule mgongo ulionyooka, akavuta mkono nyuma, akatupa kwa chuki yake yote. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukaishiwa. Jiwe lilianguka mbele ya miguu yake mwenyewe.

Kwenye kona Meneja aligeuka, akauona mkono wa Winchi ungali juu. Naye akampungia.