Maneno ya Chini ya Picha

Mimi ni mama mwenye sanamu kumi na nne za roboti kabatini na sahani sita tu za kulia, na anayeona vibaya aone. Dada yangu kila akija husimama mbele ya kabati hilo, mkono kiunoni. "Mtu mzima na katuni! Wenzako wanakusanya vyombo vya kioo." Namjibu kwamba vyombo vya kioo havijawahi kuokoa sayari hata moja. Anasonya, kisha anavua viatu, anakaa kutazama katuni na mimi na binti yangu mpaka mwisho.

Katuni yenyewe inaitwa Mafundi wa Anga. Ina misimu minne, na inasemwa kwa lugha ya kigeni ambayo nilijifunza kwa kujitesa tu, kwa kamusi na kwa majukwaa ya mashabiki mtandaoni, ambako nimeshagombana na wanaume wazima juu ya rangi ya buti za nahodha. Nilishinda. Mafundi watano wanazunguka na chombo kibovu wakitengeneza nyota zilizozimika, na wa sita wao ni Birika, roboti mfupi mwenye mdomo uliochongoka. Huko jukwaani wananiita Mama Birika, na jina hilo nimelikubali kwa moyo mmoja.

Mwanangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Jina lake la mikono ni kidole kinachogusa kishimo cha shavuni, ndiyo maana hata wanaosikia humwita Kishimo. Alipokuwa na miaka sita alikuwa anatazama midomo ya katuni ikifunguka na kufumba, halafu ananigeukia kila baada ya muda: kasema nini? Kasema nini? Mchana mimi huchapa barua na kadi za mialiko kwenye duka la uchapishaji. Jioni nikaanza kuchapa maneno ya Kiswahili chini ya picha, sentensi kwa sentensi. Sehemu moja ilinichukua wiki nzima.

Sasa niseme ukweli mapema. Kazini nimezoea kutia chumvi. Mteja anakuja anasema, "Andika naomba kazi," basi, na mimi ndiye ninayemtafutia heshima na taadhima. Na Birika, kwenye katuni, hasemi. Analia tu: pii. Pii fupi, pii ndefu, na wanaosikia wanavunjika mbavu kwa mlio wenyewe. Mtoto asiyesikia nitamwandikiaje "pii"? Nikampa Birika maneno. Mwanzo yalikuwa mawili matatu, lakini kufika msimu wa pili alikuwa bingwa wa mafumbo, anamsuta nahodha asubuhi na jioni. "Haraka haraka haina baraka, na chombo chako hakina breki," alimwambia siku walipogonga mwezi. Kishimo alicheka mpaka akaanguka kwenye kochi. Alimpenda Birika kuliko wote, na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa.

Mwezi wa nne mwaka huu, akiwa na miaka kumi na mitatu, nilimpeleka shule ya bweni ya viziwi. Ijumaa iliyopita akarudi likizo. Hakunikumbatia. Aliliweka begi mlangoni, akaniambia kwa mikono, "Birika hasemi."

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja matroni aliwawekea Mafundi wa Anga kwenye runinga ya bwalo, ile yenye maandishi rasmi. Kishimo alikuwa ameshawasimulia wenzake utani wa Birika muhula mzima, bweni zima likamjua kwa hilo. Wakakaa kusubiri. Birika akatokea, chini yake pakaandikwa: (mlio). Akatokea tena: (mlio). Sehemu nzima hivyo hivyo. Wasichana arobaini wakamgeukia. Tangu siku hiyo wakimwona wanafungua na kufumba vidole mbele ya midomo yao, pii, pii, na kuita mwenzao aje acheke.

"Niliandika mimi," nikasema. "Nilitaka ucheke."

"Yote?"

"Ya Birika tu. Wengine nilitafsiri sawasawa."

Alinitazama. Mtoto kiziwi akikutazama huna pa kujificha, maana anasoma mikono, anasoma na uso.

"Na Baba?" akauliza.



Baba yake aliondoka miaka mitano iliyopita kwenda kufanya kazi mji mwingine, akaoa huko. Lugha ya alama hakujifunza. Anajua alama tatu: njoo, kula, basi. Hupiga simu ya video kila Jumapili saa kumi, na haki yake nimpe, hupiga kweli. Mimi hukaa karibu na Kishimo na kutafsiri. "Mwambie asome," anasema, macho yake yako kwenye mpira. Na mikono yangu inaanza: Baba anasema jana alipita dukani akaona gauni la bluu akakukumbuka, anasema kazini anawasimulia wenzake akili zako, anasema soma mwanangu. Dakika nzima ya mapenzi kutoka kwenye maneno mawili. Nilijiambia ni chumvi tu.

Basi mtoto akampenda. Angeachaje? Baba wa mikono yangu ni mtu mzuri mno, hata mimi ningeolewa naye mara ya pili. Kabla ya kwenda bweni Kishimo aliniomba nimwambie kwamba anataka kuhamia kwake. Nilimwambia baba yake, hilo sikulipunguza. Akajibu, "Haiwezekani. Mwambie vizuri, wewe unajua kumwambia." Nikamwambia mtoto vizuri: Baba amefurahi sana, anatafuta nafasi, ngoja likizo.

Likizo ndiyo hii. Begi alilorudi nalo hakulifungua hata zipu, alikuwa amelisimamisha pale pale mlangoni, tayari kwa safari.

"Mdomo wake unafumba," Kishimo alisema, "mikono yako bado inaendelea. Miaka yote nilidhani lugha yetu ni ndefu."

"Mwanangu, nisikilize..."

"Usiniambie kitu. Jumapili nitaona."

Jumamosi dada yangu alipita dukani, nikamweleza. Hakucheka. "Mpange huyo mwanamume," akasema. "Mpe maneno mazuri, ayaseme mwenyewe siku moja tu. Yatamuua?" Alipoondoka nikamwandikia ujumbe baba Kishimo, mistari mitano, na sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko ile mistari. Kidole kilikuwa juu ya kutuma. Nikaisoma tena, nikaona Birika mwingine ndiye huyo nimeanza kumtengeneza. Nikafuta, nikaendelea kuchapa kadi ya harusi ya watu.

Jumapili saa kumi kasoro, Kishimo aliniomba simu yangu, akaingiza ile programu inayoandika maneno ya mtu anaposema. Shuleni wanaitumia darasani. Aliilaza mezani karibu na kishikwambi ambacho baba yake hupigia.

"Wewe kaa kile kiti," akanionyesha cha dirishani. "Leo hutafsiri."

Nikakaa nilipoambiwa, mikono mapajani. Kutoka pale nilikuwa naona vioo vyote viwili.

Simu ikaita. Uso wa baba yake ukajaa kwenye kioo. "Haloo, mko wazima?" Na kwenye simu yangu herufi zikajipanga: haloo mko wazima. Kishimo alinyanyua karatasi aliyokwisha kuiandika kwa herufi kubwa: BABA, NAOMBA NIJE KUISHI NA WEWE.

Baba yake aliisoma kwa shida, akikunja uso. Kisha akaanza kunitafuta pembeni ya kioo.

"Mama Kishimo, uko hapo? Si nilishakwambia tangu mwezi wa nne? Hapa hapana nafasi, na mwenzangu hataki. Mimi mtoto huyu hata kuongea naye siwezi. Mpe maneno yoyote, wewe ndiye unamjua."

Nilikuwa nimeomba ile programu ikosee. Hukosea mara nyingi. Kishimo mwenyewe alisema iliwahi kuandika kwamba mwalimu wa sayansi anafundisha habari za mbuzi ya mimea, badala ya mizizi. Siku hiyo haikukosea hata herufi. Haina huruma wala nukta: hapa hapana nafasi na mwenzangu hataki mimi mtoto huyu hata kuongea naye siwezi mpe maneno yoyote.

Kishimo alisoma. Akarudisha maandishi juu kwa kidole, akasoma tena polepole, kama anatafuta mahali aliporuka. Kisha akainua uso, akampungia baba yake mkono kama kila Jumapili. Baba yake akapunga pia, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, na kioo kikazima.

Nikasubiri alie, au anitukane. Ningeyapokea yote mawili. Alisogea upande wa pili wa kochi, akapiga mahali pangu kwa kiganja, niende nikakae. Nikaenda.

"Haya," akasema. "Sasa niambie wewe. Baba amesema nini?"

Nilidhani ananisuta, na ilikuwa haki yake. Nikautazama uso wake vizuri, nikaona hapana. Alikuwa anaomba nimpe tena yule baba wa mikono yangu. Alikuwa amekaa upande wangu, magoti yamegusana na yangu, macho yamebaki kwenye mikono yangu, anasubiri.

Nikainyanyua, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae sikuwa na cha kuongeza.