Kola ya Fundi

Fundi alikuwa mshona mashati, na mdomo wake haukulala. Alichonga maneno huku pini kazibana kwenye meno, na wapo wateja waliokuja na suruali isiyo na kasoro ili mradi wacheke. Mkewe alikaa kwenye cherehani ya pili, akitia vifungo.

Kidonda kilipotokea ubavuni mwa ulimi, wote wawili walishajua mwenye kosa.

"Pini hizo," alisema mkewe. "Kila siku nakwambia, mdomo si mkebe."

"Nitasukutua na maji ya chumvi, bibie. Ulimi huu ukifa, nani atakuchokoza?"

Akasukutua. Kidonda hakikupona wala hakikuhama. Wakakizoea kama mpangaji.

Halafu shati likaanza kumkaba. Mkewe akapapasa chini ya taya, akakuta uvimbe mgumu kama kokwa.

"Unauma?"

"Hata kidogo."

"Makubwa! Shingo inanenepa, tumbo linakwisha. Wenzio hunenepa kinyume chako."

Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Kisha mama wa watu akafanya alichokijua. Kwenye kiti kilekile, kwa uzi uleule, akapunguza kiuno cha suruali na kusogeza kifungo cha kola. Suruali ikakaa, kola ikafunga, yakaisha. Kola ilipobana tena, akakisogeza tena.

Kifungo kilipofika ukingoni kikakosa pa kwenda, ndipo walipokwenda hospitali.

Daktari aliminya shingo kidogo tu, akamwambia Fundi afungue mdomo.

"Lakini daktari, tabu iko shingoni," mke akadakia.

"Shingoni ndiko ilikofika, mama. Ilianzia hapa ulimini. Tezi za shingo hunasa kinachoteremka kutoka mdomoni, na hizi zimenasa saratani." Akavua glavu. "Mngekuja na kidonda peke yake, ningekata kidogo. Sasa nakata sehemu kubwa ya ulimi, nafungua na shingo nitoe tezi, halafu mionzi. Na bado siahidi kitu."

"Haukuuma," Fundi akajitetea.

"Ndiyo. Hauumi, nanyi mnaulea."

Fundi alirudi nyumbani shingo imebonyea upande mmoja, maneno yamebaki mikoromo. Mteja akiuliza jambo, Fundi akijibu, watu humgeukia mkewe awafafanulie. Mkewe alielewa kila neno. Wengine waliacha kuja. Walichokuwa wakikifuata hakikuwepo tena.

Asubuhi moja akavaa shati lile. Kola ikaning'inia kama ya kuazima. Mkewe akamvua, akakaa kukirudisha kifungo mahali pake. Alipokifumua, kitambaa kikaonyesha matundu ya sindano ya kila pahali alipowahi kukisogeza, yamefuatana kuelekea ukingoni.

Fundi akainama, akayapitia kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akasema, kwa ulimi uliobaki, polepole, asije akakosea:

"Uliona."

Mkewe hakuinua uso.

"Sijakuelewa, baba watoto," akasema, akakata uzi.