Upande wa Pili wa Kichwa cha Rugema

Kule juu milimani, Mzee Rugema alimwita kila ng'ombe wake kwa jina. Kisha kiharusi kikampiga. Majirani wakamteremsha kwa machela hadi Kimanga, bondeni, kwa binti yake Gisubizo, aliyekuwa ametoka kumaliza masomo ya uuguzi. Mkono wa kuume wa mzee ulining'inia kama kamba iliyokatika, na kinywani lilibaki neno moja tu: "Basi." Ukimpa maji, "basi." Ukimuuliza kama anaumwa, "basi."

Asubuhi moja mdogo wake Rugema, Onesphore, alishuka kutoka milimani na shauri.

"Tugawe ng'ombe," alisema, huku kaka yake ameketi palepale. "Muntu asiyeweza kutaja hata ng'ombe wake, iko wapi?"

"Iko hapa, baba mudogo. Anakusikia."

"Weye na masomo yako! Haya, muulize: ng'ombe wake Bihogo ni wa rangi gani?"

"Basi," alisema Rugema, na chozi likamtoka.

Gisubizo alimfuta. Alijua kwamba nyaya za ubongo hupishana zikishuka, hivi kwamba upande wa kushoto wa kichwa ndio unaouongoza mkono wa kuume. Maneno nayo, kwa watu wengi, hukaa kushoto kukohuko, na ndiko mshipa wa damu ulikoziba. Lakini atamwonyeshaje Onesphore kwamba mwenye ng'ombe bado yumo?

Uani, mama yake, Nyiramahoro, alikuwa akisukasuka maziwa katika kibuyu kikubwa. Pwata, pwata, pwata. Gisubizo akauona mguu wa kushoto wa baba ukifuata mapigo. Akakumbuka. Walifundishwa darasani kwamba wimbo una njia nyingine, kwamba upande wa kuume wa ubongo husaidia kuubeba.

"Mama, imba ule wa kunywesha ng'ombe. Ukifika kwenye majina, nyamaza."

Nyiramahoro akaimba: "Njoo majini, njoo unywe, njoo..." Akanyamaza.

"...Bihogo!" Rugema aliimba. "Njoo, Gaju, njoo, mwenye paji jeupe!"

Kibuyu kikasimama. Gisubizo alikishika kichwa cha baba yake, chepesi, cha kuenea viganjani. Humo ndani nyuzi zisizohesabika zilikuwa zinapashana cheche. Njia moja imebomoka, na kundi zima limepita kwa nyingine, likiwa na majina yake yote. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeingia kanisani.

Onesphore alivua kofia, akapiga magoti. "Kaka. Tugawe?"

"Ba... ba..." Rugema alihangaika, jasho likimtoka. Akamtazama mke wake. Nyiramahoro akakipiga kibuyu taratibu, na mzee akaimba ubeti wa mwisho:

"Warudi nyumbani wote, wote."

"Nimesikia, kaka. Hatugawi." Onesphore akaokota fimbo yake. Mlangoni akageuka. "Na miye nilikuwa nimesha kuchagua Gaju!"

Rugema akacheka, kwa nusu ya mdomo.